Kutembea Mombasa jua la kaskazi likiwaka: shika njia ya kivuli

MtotoWaNdiaKuu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi, na salaam kwa wote.

Kila kaskazi ikiingia, msimu wetu wa joto kuanzia Desemba hadi Machi, watu huuliza swali lile lile: nina mgeni, anataka kuiona Mombasa, nimpeleke wapi? Majibu nayo ni yale yale. Ngome ya Fort Jesus, Mapembeni kwenye zile pembe kubwa za ndovu za bandia, ufuo wa Pirates, basi. Mgeni anazungushwa juu ya lami saa saba mchana, anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, akifika kwao anasimulia kwamba Mombasa ni joto tupu. Inaniuma sana. Mji huu ulikuwa umeshazoeana na joto kabla Ibn Battuta hajateremka hapa mwaka 1331, na wazee waliujenga wakijua jua linapita wapi na upepo unatoka wapi. Mtembeze mtu kwa saa zake na kwa vivuli vyake, uone kama hatauliza atarudi lini.

Februari hii amekuja mkoi wangu, mtoto wa shangazi, aliyezaliwa na kukulia Nakuru. Kwao usiku ni blanketi. Jioni aliyofika alikaa mbele ya feni hasogei, akaniuliza, "Kaka, nyinyi mnaishi vipi na hari hii?" Nikamwambia alale mapema, jibu atalipata kwa miguu.

Tukatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu akichelewa hapo, siku yote imempita. Kibokoni, Mji wa Kale, tulikuta mama muuza mahamri ameshaepua, mbaazi za nazi ziko motoni bado, tukakaa barazani tukala polepole. Mkoi wangu alikuwa amevaa jinzi na fulana nzito. Kabla hatujatoka shangazi wa hapa nyumbani alimbadilisha, akampa dera la pamba na leso ya kujitanda. Msidharau hili. Pamba nyepesi na pana hupitisha hewa na hunywa jasho. Nguo ya kubana hukupika mzimamzima.

Tukashuka na Ndia Kuu. Saa hiyo jua liko chini, nyumba za upande wa mashariki zinaitia njia nzima kivuli. Huo ndio wakati wa kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao bila kukunja uso. Tukapita Msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, na mnara wake mweupe mnene. Mkoi wangu alitaka kupiga picha kila mlango, nikamwomba apunguze: mle ndani mnakaa watu, na njia zile ni ua wao. Alipowatolea salaam wazee wa barazani, mmoja alimwita ndani ya daka, ukumbi wa mlangoni, akamweleza mlango wake mwenyewe, ua kwa ua, mnyororo kwa mnyororo. Kamera isingempa hayo.

Chini bandari ya kale mashua zilikuwa zinateremsha samaki. Tulisimama kidogo tu, maana mlango wa Fort Jesus hufunguliwa saa mbili na nilitaka tuwe wa mwanzo kuingia.

Hapa nawasihi wenye wageni. Ngome ile haina miti mingi. Ni uwanja wa mawe uliozungukwa na kuta za mawe, na ikifika saa tano mawe yanarudisha joto usoni. Kwa hiyo tulianza juu, kwenye kuta, upepo wa bahari ukiwa ndio kwanza unaingia. Kutoka pale unaona mlango mzima wa bahari ambao Wareno walitaka kuulinda walipoijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani. Nilimhadithia mkoi wangu habari za mazingiwa ya 1696 mpaka 1698: karibu miaka mitatu Waomani wako nje, na waliomo ndani wanakwisha kwa njaa na maradhi. Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka na saa tatu haijafika. Akasema, "Na hawa walikuwa wamevaa chuma?" Kisha akanyamaza muda mrefu. Nimesoma mengi kuhusu ngome ile, lakini swali lile lilinifanya niione upya.

Jua lilipopanda tukaingia makumbushoni, kwenye dari na feni. Humo mna vitu vilivyotolewa baharini katika jahazi la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Mitungi, vyombo vya kaure, vitu vya mabaharia. Kisha Nyumba ya Waomani, mle mle ngomeni, yenye ubaridi wake. Saa nne tukatoka.

Kutoka pale hadi Marikiti, soko la kale, tulipita vichochoroni tu, barabara kubwa hatukuigusa. Marikiti ina paa tangu 1914, na ukiingia harufu ya iliki, karafuu na bizari inakupokea kabla ya mtu. Ng'ambo ya barabara ni Mtaa wa Biashara, maduka ya kanga na vikoi yamepandana bega kwa bega na mapazia yake yamening'inia nje, kwa hiyo unatoka kivuli unaingia kivuli. Tulisoma majina ya kanga hadi akapata la kumpelekea mamake. Maji ya ukwaju yenye barafu, glasi ya pili, na saa tano na nusu tukawa nyumbani.

Ndiyo, nyumbani. Kuanzia hapo mpaka saa tisa hatukutoka. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, adhuhuri, kisha tukalala, madirisha wazi na mapazia yameteremshwa. Watu wa bara huona kulala mchana ni uvivu. Hapa ni akili. Saa zile tatu na nusu zikipita, una siku nyingine nzima mbele yako.

Alasiri tukapanda tuktuk mpaka Mapembeni. Pembe zile zilianza kusimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya binti mfalme wa Uingereza, na hizi za aluminiamu zikaja 1956. Picha moja, tukavuka bustani ya Uhuru chini ya miti, tukapanda matatu ya Feri.

Na Feri ndiyo siri ninayotaka kuwaachia. Mtembea kwa miguu halipi kitu. Unavuka mpaka Likoni na kurudi, upepo wa mkondo unakupiga mwili mzima, meli za mizigo zinapita kuelekea bandari ya Kilindini, kubwa kuliko mtaa. Mkoi wangu alisimama ubavuni, leso inapepea, akasema hilo ndilo jambo la kwanza siku ile lililomfanya asahau joto. Tulivuka tena.

Tukamalizia Mama Ngina, kando ya bahari. Mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, dafu, mibuyu mikubwa ambayo imekuwepo kabla ya barabara yenyewe. Tuliketi ukutani mpaka baada ya maghribi, kahawa chungu ikapita na mwuza akigonganisha vikombe.

Ndiyo njia yangu hiyo. Mwenye yake aiweke hapa. Na mwenye ujuzi wa nyumba za kale au wa pepo, naomba atufunze kwa nini mambo haya huwa yalivyo.

---

NairobiKwetu

Kaka, umeandika vizuri lakini mimi sikubaliani. Mtu amesafiri usiku kucha kwa treni, unamwamsha alfajiri atembee vichochoroni? Nilipomleta mke wangu tulikwenda ufuoni moja kwa moja, mchana kutwa tuko majini. Joto la Mombasa dawa yake ni bahari.

---

MtotoWaNdiaKuu

Ndugu yangu, bahari naipenda, nimekua ndani yake. Lakini bahari ya saa sita si ya kumpeleka mgeni. Maji yanapoza ngozi, hivyo hajisikii anavyoungua. Jioni ndipo mabega yanamwaka na usiku halali. Mpeleke kuanzia saa kumi, au asubuhi kabla ya saa tatu. Kuhusu kuamka mapema, siku ya kwanza aachwe apumzike, naam. Matembezi ni ya siku inayofuata.

---

BahariaMstaafu

Wanangu, nimefurahi kuusoma uzi huu. Nitaongeza niliyojifunza kazini.

Mombasa iko digrii nne kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hutupitia utosini hasa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Machi hiyo, ikifika saa sita na nusu hivi ya mchana, mlingoti uliosimama wima hauna kivuli. Februari na Machi yote jua liko karibu na hapo. Kwa hiyo kijana anaposema saa hizo mtu akae ndani, sababu ni wazi: kivuli cha kutembelea barabarani hakipo.

Na upepo. Nchi kavu hushika moto upesi kuliko maji. Asubuhi ikipea, hewa ya mjini hupanda, na ile ya baharini huja kushika mahali pake. Ndiyo maana upepo mzuri huanza saa tatu, nne, ukapata nguvu alasiri. Usiku mambo hugeuka, bara hupoa haraka, na upepo hafifu hutoka nchi kavu kwenda baharini, sisi tukiuita umande. Kati ya hizo pepo mbili pana saa za shwari, alfajiri na mapema asubuhi, na hapo ndipo penye fukuto. Mgeni asidhani ameanza siku vibaya akitoka jasho barazani saa kumi na mbili. Angoje.

Kaskazi yenyewe, ile kubwa ya msimu, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Bandari ile ya kale iliishi kwa kalenda hiyo.

Kwa wanaokwenda kuogelea: tazameni mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa saa nne au tano za asubuhi na hujaa saa kumi alasiri. Ndugu wa Nairobi akienda asubuhi ya bamvua atakuta mchanga na mawe mpaka karibu na mwamba. Akienda alasiri atapata bahari imejaa, na jua limelegea.

Feri nayo, ngojeni abiria washuke wote kwanza, na msikimbie kwenye daraja la kupandia. Shikeni watoto mikono.

---

FundiChokaa

Mzee ameeleza ya juu, mimi nitaeleza ya chini. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za Mji wa Kale.

Ukuta wa nyumba ya kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Jiwe la tumbawe lina vitundu vitundu, na hewa iliyomo humo huchelewesha joto. Jua likiupiga ukuta mchana, joto lake linafika ndani usiku, wakati madirisha yamefunguliwa na upepo unapita. Juu kuna boriti za mikoko. Boriti hazivuki mbali, karibu mita tatu tu, ndiyo sababu vyumba vile ni vyembamba na virefu. Lakini dari iko juu sana, na hewa moto hupanda huko ikatuachia sisi ya chini. Rangi ya chokaa nyeupe nayo inarudisha mwanga.

Njia ni nyembamba kwa makusudi. Nyumba za ghorofa mbili tatu, njia ya hatua chache: jua linaingia mle kwa muda mfupi tu adhuhuri. Zile zinazoteremka baharini huvuta upepo mpaka ndani ya mtaa. Jaribuni kusimama kwenye pembe ya njia ya namna hiyo saa tisa, mtasikia wenyewe.

Linalonisumbua moyo ni saruji. Mtu anarithi nyumba ya babu, chokaa imebanduka, anamwita fundi anapiga plasta ya saruji. Ukuta ule ulikuwa unavuta pumzi. Sasa unyevu unanaswa ndani, plasta inavimba na kuanguka na kipande cha jiwe. Kisha anatoboa paa anaweka mabati, halafu analalamika nyumba ina joto. Chokaa ipo bado na mafundi wake wapo bado. Tuulizeni kabla hamjabomoa.

---

MtotoWaNdiaKuu

Fundi, Mungu akulipe. Nimemsomea mkoi wangu maneno yako yote, ameniambia sasa ameelewa kwa nini alilala vizuri mchana ule bila feni.

Na hili la mabati na saruji ndilo lililonifanya nianzishe uzi kwa kweli. Naona kivuli tunakichukulia kama kitu cha bure kisicho na mwenyewe. Mwarobaini wa mbele ya duka unakatwa kwa sababu unaangusha majani. Baraza inavunjwa iwe mahali pa kuegesha pikipiki. Mti wa mkungu unaondolewa ili bango lionekane. Kila kimoja kidogo, lakini mama anayetoka Marikiti na kikapu kichwani anavihesabu vyote kwa miguu yake. Ningependa kila mwenye duka atambue kwamba ule mti ndio unaomleta mteja saa saba.

---

DadaMuuguzi

Habari zenu. Kaka umesahau maji! Glasi mbili za ukwaju hazitoshi kwa mtu wa Nakuru.

Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi kama unavyopoa bara. Mgeni anaendelea kupoteza maji na chumvi bila kujua. Anywe kidogo kidogo njia nzima, asingoje kiu. Dafu ni zuri, maji ya ndimu yenye chumvi kidogo na sukari ni mazuri pia. Soda na kahawa nyingi visichukue nafasi ya maji.

Akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au mikazo ya misuli, matembezi yamekwisha: kivulini, nguo zilegezwe, alazwe miguu ikiwa juu kidogo, apepewe, anywe. Lakini akiwa na joto kali mwilini na ameanza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hiyo ni dharura. Mmwagie maji, mpepee, na apelekwe hospitali papo hapo. Msimlazimishe kunywa akiwa hajitambui. Wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye presha au kisukari ndio wa kuangaliwa zaidi.

---

MtotoWaNdiaKuu

Dada, tulikuwa na chupa ya maji kila mmoja na tulizijaza kila tulipopita, lakini umefanya vyema kuliandika wazi. Hayo ya dalili wanajamvi wayahifadhi.

---

Mtanga

Salaam kutoka Tanga, wakuu. Kwetu nasi kaskazi ni hiyo hiyo, tunajificha Raskazone chini ya miti. Nina safari ya kuja Mombasa na mke wangu na watoto wawili, wa miaka minne na saba. Njia ya kaka ni nzuri ila kwa watoto ni ndefu. Mnanishauri nini? Watoto wanataka wanyama.

---

NairobiKwetu

Mtanga, Haller Park. Hapo nakubali hata mchana panakalika.

---

MtotoWaNdiaKuu

Karibuni sana Mtanga, na hapo ndugu wa Nairobi amesema la maana.

Haller Park iko Bamburi, upande wa kaskazini baada ya kuvuka daraja la Nyali. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, ardhi tupu nyeupe, hata nyasi hazioti. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, akaanza kujaribu mti mmoja mmoja. Ulioshika ni mvinje, kwa sababu unavumilia chumvi na mawe. Majani yake yalikuwa hayaozi, akaleta majongoo, wakayala na kuyageuza udongo, na juu ya udongo huo ikaota miti mingine. Leo ni msitu, una twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa. Watoto wahadithie habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini wakati wa tsunami ya Desemba 2004, aliyeletwa pale akamfanya kobe mzee, Mzee kwa jina, kuwa mlezi wake. Kwangu mimi pale ndipo penye jawabu kwa kila anayeniambia miti haioti katika joto na mawe ya Mombasa.

Kwa siku moja na watoto ningefanya hivi: Mji wa Kale kuanzia saa moja mpaka saa tatu tu, mahamri na kutazama mashua, ngome muiache siku ya pili. Saa tatu mnapanda matatu za kwenda Bamburi au Mtwapa, mnaingia msituni kabla jua halijapea. Mnakula na kupumzika huko huko. Ulizeni langoni saa za kulisha wanyama mjipange nazo. Saa kumi, kama ni bamvua maji yamejaa, mko karibu na Pirates, watoto waoge. Wavishwe kofia na nguo nyepesi hata majini. Mkifika, niandikie humu ukumbini siku moja kabla. Mkoi wangu atakuwa angalipo, amesema anataka kuivuka tena Feri na ameshajua njia ya kuwapeleka.